Nyoka Amegoma Kula: Kagua Sanduku Kabla ya Kubadilisha Panya

Mtu akishanunua nyoka wake wa kwanza, baada ya wiki mbili au tatu anauliza swali lilelile: mbona hataki kula? Panya aliyewekwa usiku anakutwa asubuhi palepale, baridi, hajaguswa, na mwenye nyoka ameshaanza kuhofia kwamba atamfia mikononi. Kinachofuata ndicho kinachoniuma. Kesho anajaribu panya mkubwa zaidi, keshokutwa kifaranga, mtondo panya aliye hai, na kila jaribio linamzidishia nyoka wasiwasi. Mara nyingi panya hana kosa lolote. Tatizo liko kwenye joto, kwenye maficho, au kwenye mikono inayomgusa kila saa, na wakati mwingine lilianzia dukani, siku nyoka alipochaguliwa.

Nazungumzia nyoka wawili tu, kwa sababu ndio wanaouzwa zaidi kwa wanaoanza kufuga huko Ulaya na Marekani. Wa kwanza ni nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus, mwenyeji wa kusini-mashariki mwa Marekani. Wa pili ni chatu mpira, Python regius, chatu mdogo wa Afrika ambaye kwao ni kuanzia Senegali hadi Uganda; akiogopa hujikunja duara na kuficha kichwa katikati. Wote hawana sumu, wote huua kwa kubana, na wote wakiwa kizimbani wanaweza kuishi kwa panya peke yake. Ili tusichanganyane: nikisema kipanya, nina maana ya yule mdogo, Mus musculus; panya natumia kwa yeyote kati yao anayeliwa, ila nikimtaja kando ya kipanya, au kama mlo wa chatu, nina maana ya yule mkubwa, Rattus.

Kama uko Kenya, Tanzania au Uganda, kuna jambo linalotangulia yote haya. Nyoka ni wanyamapori mbele ya sheria. Kenya ina Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kumfuga nyoka bila kibali cha mamlaka husika ni kosa. Usimwokote wa porini. Zaidi ya sheria kuna roho yako: moma mchanga na chatu mchanga wote ni wanene, wote wana mabaka ya kahawia, na asiyewazoea hawezi kuwatofautisha kwa haraka. Walio Marekani nao waangalie sheria za jimbo lao. Hawaii, kwa mfano, hairuhusu nyoka wa kufugwa wa aina yoyote.

Vipimo vitatu kabla ya kuanza kutafuta sababu

Joto kwanza. Nyoka hatengenezi joto la mwili kama sisi. Joto la tumbo lake ni joto la mahali alipolala, na juisi za tumboni hazifanyi kazi ipasavyo kwenye baridi. Anapomeza panya mzima, na mifupa yake na manyoya yake, halafu tumbo likakosa joto, panya huyo anaanza kuoza kabla hajameng'enywa. Kwa hiyo nyoka anayekataa chakula akiwa na baridi anajilinda, na kumlazimisha ni kumdhuru.

Chatu mpira anahitaji upande mmoja wa sanduku uwe na nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa pili nyuzi 25 hadi 27. Nyoka wa mahindi anatosheka na 29 hadi 31 upande wa joto na 22 hadi 25 upande wa baridi. Pande hizo mbili zinatakiwa zote, kwa sababu nyoka hujirekebisha kwa kuhama. Ukimpa joto moja sanduku zima umemnyima njia hiyo.

Kipimajoto cha duara chenye mshale, kile kinachobandikwa kwenye kioo, kiweke kando. Kinapima hewa ya ukutani, tena kwa kubahatisha, na nyoka amelala sakafuni. Nunua cha dijitali chenye waya, na ncha ya waya uilaze pale tumbo la nyoka linapogusa, ndani ya maficho ya upande wa joto. Soma namba asubuhi, jioni, na usiku wa manane hata kama ni mara moja tu. Kwa anayeishi Minneapolis au Helsinki, hili la usiku ndilo linalofichua mengi: mchana chumba kina joto, usiku mitambo ya nyumba inapunguzwa ili kuokoa umeme, na nyoka anaamkia kwenye nyuzi 20.

Mkeka wa joto usiwashwe kamwe bila themostati, kifaa kinachouzima joto likifika kiwango ulichoweka. Peke yake unaweza kupita nyuzi 40, na nyoka anaweza kuendelea kulala juu yake huku tumbo likiungua; magamba ya chini hugeuka mekundu, kisha kahawia, kisha hutoka malengelenge. Yale mawe ya umeme ya kupasha joto yanayouzwa madukani nayaona hayafai kabisa kwa mnyama huyu.

Kipimo cha pili ni maficho. Porini chatu mpira hushinda ndani ya mashimo ya panya na vichuguu, na kwake mahali salama ni pale ambapo mwili wake unagusa kuta pande zote. Tangi kubwa la kioo lenye kigogo kimoja katikati linampendeza mtu anayetazama, lakini nyoka mchanga aliyemo humo anajiona yuko uwanjani. Weka maficho mawili yanayofanana, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi, madogo kiasi cha kumbana kidogo. Funika kuta tatu za kioo kwa karatasi nyeusi. Nimeona nyoka waliogoma kwa wiki nyingi wakila siku chache baada ya karatasi hiyo kubandikwa, bila kingine chochote kubadilishwa.

Cha tatu ni mizani ya jikoni, ya kupima gramu. Mtie nyoka kwenye kibweta cha plastiki chenye kifuniko, mpime mara moja kwa wiki, andika na tarehe. Namba hizo ndizo zitakazokwambia kama mgomo ni wa kuvumilia au wa kukimbilia kwa daktari. Chatu mpira mzima wa gramu 1,500 aliyekaa miezi miwili bila kula na kupungua gramu 40 hana shida ya kukutia presha. Mtoto wa nyoka wa mahindi mwenye gramu 8 hana akiba ya namna hiyo. Kipimo ninachokifuata ni hiki: uzito ukipungua kwa asilimia 10 tangu alipoacha kula, muone daktari wa wanyama anayewajua reptilia, hata kama nyoka anaonekana mzima.

Ameletwa wiki hii, hagusi kitu

Safari ndiyo sababu, na dawa yake ni kumwacha. Siku 5 hadi 7 asishikwe, asitolewe kuonyeshwa wageni, asifunguliwe ila kubadilishiwa maji na kuondolewa kinyesi. Shangazi na watoto wa jirani watasubiri. Wakati huo mpigie aliyekuuzia umuulize mambo manne: alikuwa anakula kipanya au panya, wa ukubwa gani, hai au wa friza, na mara ya mwisho alikula lini. Mlo wa kwanza nyumbani kwako ufanane na huo kwa kila kitu. Kubadilisha aina au ukubwa kutangoja mpaka ale mara tatu au nne mfululizo.

Akikataa mlo huo wa kwanza, ondoa panya, funga sanduku, usijaribu tena mpaka wiki ipite. Kumpelekea chakula kila jioni ni usumbufu juu ya usumbufu.

Anamsogelea panya, anatoa ulimi, kisha anageuka

Hapa nyoka ana njaa, na kuna kitu kwenye panya huyo kinachomkatisha tamaa. Mara nyingi ni baridi ya panya mwenyewe. Chatu mpira ana vishimo kwenye midomo vinavyohisi joto la mnyama gizani. Panya aliyeyeyuka mpaka akafikia joto la chumba, kwa vishimo hivyo, hana uhai wowote. Ananukia panya ila haonekani. Nyoka wa mahindi hana vishimo hivyo na anategemea zaidi harufu, lakini naye humpokea vizuri zaidi panya mwenye joto.

Ninavyofanya ni hivi. Usiku wa kuamkia siku ya kulisha, panya anahamishwa kutoka friza kwenda sehemu ya kawaida ya jokofu, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Jioni mfuko unatumbukizwa kwenye maji ya moto ya bomba, yasiyochemka, kwa robo saa, na maji yanabadilishwa yakipoa. Kisha bonyeza tumbo la panya kwa kidole. Kama ndani kuna kigumu au ubaridi, bado. Likishakuwa laini na la moto kote, karibu nyuzi 38 hadi 40, kichwa kirudishwe majini dakika moja zaidi ili kiwe cha moto kuliko mwili, kwa maana huko ndiko nyoka anakolenga. Manyoya yawe makavu. Maikrowevu isitumike, inapika sehemu moja na kuacha nyingine na barafu, na tumbo linaweza kupasuka. Chombo unachopashia kiwe cha kazi hiyo peke yake, na mikono ioshwe kwa sabuni, kwa kuwa salmonela, bakteria wa kuharisha, huja na panya na huja na nyoka pia.

Zima taa kubwa. Mshike panya mgongoni kwa koleo refu, sentimita 30 si nyingi, umtokeze mbele ya maficho, kichwa kikitangulia, umsogeze kidogokidogo kama anayetembea. Sasa mtazame nyoka. Ulimi unaanza kutoka polepole, kisha haraka haraka. Kichwa kinainuka kidogo, shingo inajikunja mfano wa herufi S. Halafu ulimi unasimama. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanaona ametulia, wanadhani amepoteza hamu, wanamtikisa panya au kumgusisha puani. Ulimi uliosimama pamoja na shingo iliyokunjwa maana yake anajiandaa kupiga. Mkono wako usimame pia. Akipiga na kujiviringisha, achia koleo, funga, ondoka chumbani.

Na kama anageuka hata kwa panya wa moto? Angalia ukubwa. Mnene kuliko sehemu nene kabisa ya mwili wa nyoka anaweza kumtisha, hasa mchanga. Kwa mtoto wa nyoka wa mahindi aliyegoma, kuna njia ya kimya inayofaulu sana: mweke yeye na kichanga cha kipanya, kile cha waridi kisicho na manyoya, ndani ya kibweta kidogo chenye matundu ya hewa na karatasi iliyokunjwakunjwa, kifunike kwa kitambaa, kiweke mahali penye joto sahihi, usifungue mpaka asubuhi.

Alikuwa anakula vizuri, ghafla ameacha, na macho yana ukungu

Anakaribia kujivua gamba. Rangi inafifia, tumbo linakuwa la waridi, macho yanakuwa ya buluu yenye maziwa. Haoni vizuri na hataki kusumbuliwa. Siku 7 hadi 14 zitapita, atajivua, na njaa itarudi. Ongeza unyevu: chatu mpira anataka asilimia 55 hadi 65 siku za kawaida na kama 70 wakati huu, kwa nyoka wa mahindi 40 hadi 50 inatosha, na maficho yenye kuvumwani (moss) iliyoloweshwa maji yatamsaidia. Gamba likitoka vipandevipande, tatizo ni ukavu. Kipande kilichobaki juu ya jicho usikibandue kwa kucha, unaweza kuliumiza jicho lenyewe.

Ni chatu mpira mkubwa, na ni miezi ya baridi

Dume aliyekomaa anaweza kuacha kula kuanzia Oktoba au Novemba mpaka machipuko, na majike wengine hufanya vivyo hivyo msimu wa kuzaliana au wakiwa na mayai tumboni. Kwa aliyezoea paka au mbwa hili linatisha, na ninaielewa hofu hiyo, lakini katika nyoka wote wanaofugwa sana huyu ndiye hodari wa kukaa bila kula. Kagua vile vipimo vitatu, mpime kila wiki, mpelekee panya mara moja kila wiki mbili au tatu, maji yawepo daima. Uzito ukisimama palepale, hakuna cha kutibu. Hii pia ndiyo sababu ninawashauri wanaoanza wachukue nyoka wa mahindi, nitalirudia mbele.

Anataka panya hai tu

Panya hai ana meno. Nyoka asiye na njaa akiachiwa panya hai usiku kucha anaweza kukutwa ametafunwa mgongoni mpaka nyama ikaonekana, na wapo wanaokufa kwa majeraha hayo. Kwa hiyo lengo ni kumhamishia kwenye panya wa friza, kwa hatua: kwanza aliyeuawa punde, angali na joto lake, mlo unaofuata au wa tatu, wa friza aliyepashwa kama nilivyoeleza, akachovywachovywa kwenye matandiko ya panya hai ili ashike harufu.

Wapo chatu mpira wanaokataa vipanya na panya weupe wa aina zote, na kwa hao wafugaji wa Marekani na Ulaya wamegundua kitoweo ambacho msomaji wa Afrika Mashariki anakijua kwa sura nyingine kabisa: Mastomys natalensis, panya shamba. Ndiye huyu anayefukua mahindi yaliyopandwa jana huko Morogoro, na ambaye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimemfanyia utafiti kwa miaka mingi kama msumbufu wa mkulima. Anapatikana katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, na huko Afrika Magharibi anaishi nchi zilezile anamoishi chatu mpira, kwa hiyo harufu yake ni ya chakula cha nyumbani. Chatu aliyegoma miezi mingi mara nyingi huamka akimnusa. Kumsugulia panya mweupe matandiko ya panya shamba nako husaidia.

Hao wawe wamefugwa. Panya aliyenaswa uani au ghalani anaweza kuwa amekula dawa ya panya, na sumu hiyo itamfikia nyoka. Hata asipokuwa nayo, atakuwa na minyoo na vimelea vyake.

Amekula, kisha ametapika

Dalili hii ni nzito kuliko kugoma, na haraka ya kumlisha tena inaua. Nyoka anapotapika hupoteza maji na asidi ya tumbo, na koo hubaki limechubuka. Angalia kilichotoka na kilitoka lini. Panya karibu mzima, ndani ya siku moja, mara nyingi maana yake ni kwamba alikuwa mkubwa mno au nyoka alishikwa au alitishwa mara baada ya kumeza. Panya aliyeoza, mwenye harufu kali, siku ya tatu au ya nne, mara nyingi huelekeza kwenye baridi: sanduku lilizimika, themostati imeharibika, au mkeka uko chini ya matandiko mazito kupita kiasi.

Safisha, weka maji safi, rekebisha joto, kisha usimpe chochote kwa siku 10 hadi 14 na usimshike. Mlo wa kurudia uwe nusu ya ule wa kawaida. Ukikaa salama, ngoja siku 10 tena kabla ya mwingine wa ukubwa huohuo, halafu ndipo umrudishe taratibu kwenye kawaida yake. Na kuanzia hapo iwe desturi: saa 48 baada ya kula, nyoka haguswi na mtu yeyote.

Akitapika mara ya pili mfululizo usijaribu mara ya tatu. Chukua kinyesi kibichi ndani ya kichupa, nenda kwa daktari. Anaweza kuwa na minyoo, ambayo ina dawa. Anaweza pia kuwa na Cryptosporidium serpentis, kimelea kinachonenepesha kuta za tumbo mpaka uvimbe unaonekana katikati ya mwili. Hicho hakina tiba ya kutegemewa, kinaambukiza nyoka wengine, na dawa za kawaida za kusafishia zenye klorini hazikiui kirahisi. Mwenye nyoka zaidi ya mmoja aanze kumtenga mgonjwa siku ya kwanza ya kutapika, na vyombo vyake visichanganywe.

Hataki kula, na kuna kingine unachokiona

Mapovu puani au mdomoni, sauti ya kukoroma, kichwa kimeinuliwa juu na mdomo wazi: ni ugonjwa wa njia ya hewa. Nyoka hana kiwambo cha kupumulia kama chetu na hawezi kukohoa ipasavyo, kwa hiyo makamasi hubaki ndani na kuziba. Pandisha joto kwa nyuzi moja au mbili ukiwa njiani kwenda kwa daktari, usisubiri wiki. Fizi nyekundu zenye usaha mzito wa manjano, vilevile daktari.

Vidoa vyeusi vidogo vinavyotembea karibu na macho na chini ya kidevu, na nyoka anayeshinda ndani ya bakuli la maji: ni utitiri, Ophionyssus natricis. Ananyonywa damu na hana hamu ya kula. Tupa matandiko yote, tandika karatasi nyeupe ili uwaone, uliza daktari dawa inayofaa na kipimo chake. Dawa za utitiri wa kuku zisitumike kwa kukisia.

Nyoka anayegeuza kichwa juu kama anatazama dari, asiyeweza kujigeuza ukimlaza chali, ana tatizo la neva. Hapa kulisha hakuhusiki tena.

Anapiga mkono badala ya panya

Mkono unanuka panya, au sanduku halifunguliwi ila siku ya kulisha na nyoka amejifunza hivyo. Osha mikono, fungua sanduku siku nyingine pia, na kabla ya kumshika mguse mwili polepole kwa rola ya karatasi ili ajue si chakula. Ushauri unaozunguka kwamba ahamishiwe kwenye sanduku jingine kila akitaka kulishwa, siuungi mkono: chatu mpira wengi hukataa kula wakihamishwa, na kumrudisha baada ya kumeza ni kumshika katika saa zile 48.

Anakula kila anachopewa

Hata huyu ana tatizo, ila linachukua miaka kuonekana. Nyoka wa mahindi hajui kukataa na hunenepa mpaka ngozi kati ya magamba inaonekana hata akiwa amenyooka. Mchanga apewe kichanga kimoja kila siku 5 hadi 7. Mkubwa, kipanya kimoja kila siku 10 hadi 14. Chatu mpira mchanga, mtoto wa panya kila wiki. Mkubwa, panya mdogo kila wiki mbili hadi nne. Mwili wenye afya ukiukata kwa mawazo una umbo la mkate wa boflo, mviringo juu na bapa chini. Mgongo ukisimama kama paa la nyumba amekonda; akiwa duara kamili na ana mikunjo anapojikunja, punguza.

Kwa ambaye bado hajanunua

Sehemu kubwa ya shida hizi huzuilika siku ya kuchagua. Chatu mpira wengi huuzwa wakiwa wametoka Ghana, Togo au Benin, wakiwa watoto walioanguliwa kutoka mayai au majike yaliyokusanywa porini. Biashara hiyo ina vibali, kwani spishi hii iko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, lakini nyoka wenyewe hufika wakiwa na kupe, utitiri na minyoo, wamechoka, na wengi hawajawahi kuona panya mweupe aliyekufa. Bei yao ya chini inarudi kwa daktari. Mchukue aliyezaliwa kwa mfugaji na anayekula panya wa friza.

Mshike. Aliye mzima anajisokota mkononi kwa nguvu na ulimi unatoka. Macho yang'ae, tundu la kinyesi liwe kavu, kusiwe na mkunjo kwenye uti wa mgongo. Pitisha kidole kinyume cha magamba chini ya kidevu utafute kupe. Chatu mpira wa rangi iitwayo spider nakushauri umwache hata akiwa mzuri wa kutazama: jeni inayoleta rangi hiyo huleta pia kichwa kinachotikisika na mwili unaokosa mizani, na baadhi yao hukosa shabaha wanapompiga panya.

Fikiria na umri. Nyoka wa mahindi hufikisha miaka 15 hadi 20, chatu mpira 20 hadi 30 na zaidi. Bustani ya wanyama ya Saint Louis, Missouri, ilipokea chatu mpira mmoja mwaka 1961, naye akataga mayai mwaka 2020. Kwa mwanafunzi atakayehama nyumba mara nne kabla ya kupata kazi, au mzazi anayemnunulia mtoto wa miaka 10, hesabu hiyo ifanywe mapema: nani atabaki na mnyama huyu?

Mimi ningemnunua nyoka wa mahindi mwenye umri wa miezi minne hadi sita, ambaye ameshakula mara kumi au zaidi, mwenye karatasi ya mfugaji inayoonyesha tarehe za milo na za kujivua gamba. Mfugaji makini huwa nayo. Omba umuone akila mbele yako. Ukiambiwa alikula jana, usilipe. Uliza siku ya mlo unaofuata, urudi siku hiyo.